Muhogo Mchungu, Muhogo Mtamu: Wasomaji Wauliza, Tunajibu

Katika toleo lililopita tuliandika, karibu kwa kupitia tu, kwamba muhogo mchungu na muhogo mtamu ni zao moja na si mazao mawili. Hatukutarajia kwamba sentensi hiyo ingetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua saba, tukaziacha zile zilizouliza bei ya mbegu na soko la wanga, kwa kuwa hayo yana wajuzi wake. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu majibu ya nyingine karibu zote yanaiegemea.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mkulima wa Muheza. Miaka miwili iliyopita wifi yangu aliyeolewa Masasi aliniletea pingili za muhogo, akasema zinazaa sana na nguruwe hawazigusi. Mwaka huu, baada ya kiangazi kirefu, nimevuna. Mizizi ya mashina ya kilimani niliyoichemsha ilikuwa michungu hata mbwa aliikataa, lakini ya mashina ya bondeni karibu na kijito, ya mbegu ileile, ililika bila taabu. Je, pingili zilichanganyika? Na je, niendelee kula ile ya bondeni?
*Mama mkulima, Muheza*

Marahaba, mama. Yawezekana kabisa kwamba hazikuchanganyika. Pingili si mtoto wa muhogo ulioukata. Ni muhogo uleule umekatwa vipande, kwa hiyo mashina yako ya kilimani na ya bondeni yana urithi mmoja. Kilichotofautiana ni mahali. Shina la kilimani lilishinda na kiu miezi kadhaa, na muhogo unapopata kiu huongeza ile kemikali iletayo uchungu, wakati ndugu yake wa bondeni alikuwa na miguu majini.

Kemikali yenyewe inaitwa linamarini. Inaye mwenzake, lotaustralini, ambaye kwa kawaida hafiki hata sehemu kumi katika mia ya jumla yao, kwa hiyo hapa nitamtaja mkubwa tu. Linamarini hutengenezwa zaidi katika majani, kutokana na asidi amino, kisha husafirishwa hadi mizizini. Ndani ya seli hukaa imefungiwa katika kifuko chake, na kimeng'enya kinachoweza kuivunja, linamarasi, hukaa nje ya kifuko hicho, kwenye ukuta wa seli. Vikiwa vimetengana hivyo hakuna kinachotokea. Jino la panya, jembe, kisu au mchi ukizipasua seli, hukutana. Linamarini ikavunjika ikatoa sukari, kisha asetoni na hidrojeni sianidi, ambayo ndiyo sumu. Bahati yetu ni kwamba hidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 za Selisiasi, joto ambalo Muheza hulipata tangu asubuhi, na ndiyo maana ikishafunguliwa huruka hewani upesi. Kazi yote ya mama anayemenya, anayeloweka, anayetwanga na kuanika muhogo mchungu ni kuvikutanisha vitu hivyo viwili kwanza, kisha kuipa sumu nafasi ya kutoka.

Sasa utaona kwa nini kuchemsha hakukusaidia. Kipande kikubwa cha muhogo mchungu kikitumbukizwa katika maji ya moto, kimeng'enya huuawa na joto kabla hakijafanya kazi, na linamarini, ambayo yenyewe haivunjwi kirahisi na moto, hubaki ndani ya kipande. Sehemu yake huyeyukia majini na kumwagwa, lakini iliyobaki inakusubiri tumboni, ambako bakteria wa matumbo wanaweza kuivunja. Kwa muhogo mtamu kasoro hiyo haina uzito, kwa kuwa kilichopo ni kidogo tangu mwanzo. Kwa muhogo wako wa kilimani ina uzito mkubwa.

Uzito kiasi gani? Nyama ya muhogo mbichi, kutegemea mbegu na mahali, inaweza kutoa kuanzia miligramu 10 hivi za sianidi kwa kilo hadi 500. Kanuni za kimataifa za chakula, zile za Codex, huuita muhogo mtamu ule usiozidi miligramu 50 kwa kilo. Dozi inayoweza kumuua mtu huanzia nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake, yaani kama miligramu 30 kwa mtu wa kilo 60, na kwa mtoto mdogo ni chini ya hapo kwa kiasi cha kutisha. Hakuna mbegu ya muhogo inayofahamika ambayo haina linamarini kabisa. Zipo zenye kidogo, kama Kibandameno ya pwani ya Kenya ambayo watu huimenya na kuichemsha bila wasiwasi, zipo zenye nyingi, na baina yao zimejaa mbegu zilizokaa kila daraja la ngazi. Mstari wa 50 ni watu waliouchora. Muhogo wenyewe hauujui, na mbegu iliyokaa chini ya mstari mwaka wa mvua inaweza kuuvuka mwaka wa ukame.

Ulimi ni mwongozo mzuri, tena mzuri kuliko wataalamu wengi walivyokuwa tayari kukiri zamani. Uchunguzi uliofanywa Malawi ulilinganisha ladha ya mizizi na vipimo vya maabara, ukakuta kwamba uchungu na kiasi cha linamarini huenda pamoja, na kwamba wakulima waliposema mbegu fulani ni chungu, kwa kawaida walikuwa sahihi. Hata hivyo ulimi unaonja mahali ulipogusa tu. Niliwahi kupima mzizi mmoja kwa karatasi ya pikrati, kipimo rahisi kinachotumia kichupa cha plastiki chenye kipande kidogo cha muhogo, tone la maji na ukanda wa karatasi ya njano unaoning'inizwa juu yake usiku kucha. Niliandaa vichupa vitatu: cha ganda la ndani, cha nyama ya pembeni na cha nyama iliyo karibu na ule uzi mgumu wa katikati. Asubuhi karatasi ya katikati ilikuwa imeingia rangi ya chungwa, ya pembeni imeiva zaidi, na ya ganda imekuwa kama tofali la kuchoma. Ulikuwa mzizi mmoja, kutoka shina moja, na aliyeuonja kwenye ncha ya katikati alisema ni mtamu. Ndivyo ilivyo kwa kawaida: ganda lina nyingi kuliko nyama, pembeni kuliko katikati, na kichwa cha mzizi kilichoshika shina kuliko mkia.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana. Mbegu hiyo ichukulie kuwa ni chungu, ya kilimani na ya bondeni pia, na uiandae kama watu wa huko ilikotoka wanavyoiandaa. Menya ganda lote, lile la nje na lile jeupe la ndani. Loweka mizizi katika maji siku tatu hadi nne, au zaidi kukiwa na baridi, mpaka ilainike kiasi cha kuvunjika ukiibonyeza kwa vidole. Mimina maji hayo mahali ambapo kuku na mbuzi hawatayanywa. Ondoa nyuzi, kamua, vunjavunja vipande vidogo, anika juani mpaka vikauke kabisa, ndipo utwange upate unga. Kuloweka hulainisha ukuta wa seli na kuvikutanisha viwili vile, na bakteria wanaochachusha huisaidia kazi. Kuanika hutoa kilichobaki. Usiruke hatua ya mwisho kwa kuwa ya kwanza imekwenda vizuri, kwani uchachu huifanya sehemu ya sumu ing'ang'anie katika umbo la kati, baina ya linamarini na hidrojeni sianidi, mpaka jua litakapoiondoa. Makopa ya kawaida, yaani muhogo uliomenywa ukaanikwa moja kwa moja bila kulowekwa, yanafaa kwa mbegu tamu. Kwa mbegu chungu hayatoshi, kwa kuwa kipande kizima kikikauka haraka kimeng'enya nacho hukaukiwa na maji kabla kazi haijaisha.

Nitaongeza jambo moja kuhusu huko alikoolewa wifi yako. Katika wilaya ya Masasi, mwaka 1988, watu waliugua ghafla baada ya kula muhogo, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilishiriki kuchunguza kilichotokea. Njaa ilikuwa imewabana, na wakati wa njaa watu walikimbilia chinyanya, njia ya kutwanga muhogo mbichi na kuuanika, kuutwanga tena na kuuanika tena, unga ukapatikana siku hiyohiyo. Mbegu zilikuwa zilezile walizozijua miaka yote. Kilichopungua ni siku. Ndiyo maana nasema wifi yako amekuletea nusu ya zawadi. Nusu nyingine ipo kwa mama mkwe wake. Mpigie simu umuulize wao huloweka siku ngapi.

Wazee wa kwetu husema muhogo wenye kikonyo cha jani chekundu ni mchungu na wenye kikonyo cha kijani ni mtamu. Wengine husema wenye nyama ya njano ndio salama. Ni kweli?
*Msomaji, Kigoma*

Rangi ya kikonyo, ya ganda au ya nyama hairithiwi pamoja na linamarini, kwa hiyo hakuna rangi inayoweza kutumika kama kipimo. Wazee hawasemi uongo, lakini kanuni yao ni ya kijiji chao: ikiwa hapo zinalimwa mbegu nne, na ile chungu ndiyo yenye kikonyo chekundu, basi kikonyo chekundu kinaitambulisha vizuri sana mpaka siku mtu atakapoleta mbegu ya tano. Mkulima mzoefu huitambua mbegu kwa mambo mengi kwa pamoja, umbo la jani, rangi ya kilele, namna shina linavyogawanyika, kisha huiita kwa jina lake, na jina ndilo linalobeba habari ya uchungu.

Unjano wa nyama unatokana na karotenoidi, ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Nigeria iliidhinisha mbegu za namna hiyo mwaka 2011 kwa faida hiyo ya lishe. Unakuambia kuhusu vitamini, haukuambii lolote kuhusu sianidi.

Mimi ni mwanafunzi wa kilimo, Morogoro. Kwa nini mmea ujitengenezee sumu, na kwa nini wataalamu wasiiondoe moja kwa moja tukabaki na muhogo mtamu pekee?

Mmea usioweza kukimbia hujilinda kwa kemia. Mdudu, panya au nguruwe anayetafuna jani au mzizi hupasua seli na kujifungulia sumu mwenyewe. Si wote wanaokomeshwa, na wewe kama mwanafunzi wa kilimo unajua kwamba inzi weupe wanaoeneza batobato hunyonya jani chungu bila kujali. Lakini mizizi iliyoachwa ardhini miaka miwili kama ghala inahitaji mlinzi wa aina fulani. Ulinzi si kazi yake pekee. Linamarini ina naitrojeni ndani yake, na yapo majaribio yanayoonyesha kwamba mmea huitumia kusafirisha naitrojeni kutoka jani hadi mzizi. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo ya mihogo waliyoibadilisha ili majani yake yasitengeneze linamarini kwa kiasi cha kawaida. Mizizi yake ilipungukiwa na linamarini kwa takriban asilimia 99, jambo lililothibitisha kwamba nyingi inatoka majani, lakini miche hiyo ilishindwa kukua maabara mpaka iongezewe naitrojeni ya aina iliyo rahisi kutumika. Tangu hapo jeni mbili zinazoanzisha kazi hiyo, CYP79D1 na CYP79D2, zimeshazimwa kwa mbinu mpya za kuhariri jeni. Kwa hiyo kuiondoa kunawezekana. Swali lililobaki ni la shambani, na mimi nadhani ndilo gumu zaidi.

Wanawake wa Nkhata Bay, kando ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi, waliulizwa na watafiti katika miaka ya 1990 kwa nini wanapanda muhogo mchungu ilhali wanao mtamu. Majibu yao hayakuwa ya watu wasiojua hatari. Walisema muhogo mchungu hauibwi, kwa sababu mwizi hawezi kuung'oa na kuutafuna njiani, wanyama wauogopa, na kwa kuwa lazima uandaliwe, anayeuandaa, ambaye ni mwanamke, ndiye mwenye kauli juu yake. Mtoto wa jirani hawezi kuuchimba akaula mbichi. Ukiwaletea mbegu tamu tupu, umewapunguzia kazi ya kuloweka, lakini umewaondolea ukuta wa shamba.

Kwa kuwa uko karibu na mambo ya mbegu, jifunze pia habari za Amani, kituo cha utafiti kilichoko milima ya Usambara. Ni huko mtafiti H. H. Storey alikoueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936, na ni huko walikoanza kuuzalisha muhogo pamoja na jamaa zake wa porini, hasa mpira wa Ceará, ule ambao watu wa pwani huchuma majani yake wakayaita kisamvu cha mpira. Mbegu iitwayo Namikonga upande wa kusini mwa Tanzania, ambayo Kenya huitwa Kaleso, ni kizazi cha kazi hiyo. Watafiti walikuwa wakitafuta ukinzani wa magonjwa, lakini mtu anayechanganya muhogo na jamaa wa porini huchanganya kemia yote, hata ile asiyoitafuta. Mbegu za utafiti zikifika kijijini, sifa ya kwanza kutangazwa ni mavuno na ukinzani. Uchungu hugunduliwa jikoni. Hilo, kwa maoni yangu, ni kosa la mpangilio.

Mimi niko Lubumbashi. Hapa tunakula bugali ya muhogo na sombe, yaani kisamvu, karibu kila siku, na tunasikia kwamba kule Kwango watoto wanapooza miguu kwa sababu ya muhogo. Sombe nayo ina hatari hiyo?

Ugonjwa unaoutaja ni konzo, na jina lenyewe limetoka huko Kwango, katika Kiyaka, likiwa na maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938. Humpata mtu kwa ghafla: analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na kulemaa huko hakuponi ingawa hakuendelei kuongezeka. Wanaougua zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ulienea mkoa wa Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 wakati wa ukame, ukawapata watu zaidi ya elfu moja, na wenyeji wakauita mantakassa. Tanzania ulionekana Tarime mwaka 1985.

Konzo haitokani na muhogo peke yake, na hapa ndipo pa kuangalia. Mwili wa binadamu una uwezo wa kuigeuza sianidi kuwa tiosianati na kuitoa kwa mkojo, na kazi hiyo inahitaji salfa, ambayo huipata katika protini ya samaki, nyama, mayai na kunde. Mtu anayekula ugali wa muhogo uliolowekwa vizuri, na kitoweo pembeni, hana haja ya kuhofu konzo. Anayekula ugali wa muhogo ulioandaliwa haraka, wiki baada ya wiki, bila kitoweo, ndiye anayepatwa. Hiyo tiosianati nayo si ya kupuuzwa, kwa kuwa huuzuia mwili kutumia madini joto, na mahali penye upungufu wa madini joto huchochea rovu.

Na kwa nini Kwango? Watafiti waliofanya kazi Bandundu, mkoa wa zamani uliokuwa na Kwango ndani yake, walikuta kwamba baada ya barabara nzuri ya kwenda Kinshasa kujengwa, muhogo ukawa bidhaa ya haraka. Lori linapita, mnunuzi anasubiri, mizizi iliyokuwa ikilala mtoni siku tatu ikatolewa baada ya siku moja au mbili. Ninaikumbuka habari hiyo kila ninaposikia barabara ikisifiwa.

Sombe ni habari nyingine. Majani mabichi yana sianidi nyingi kuliko nyama ya mzizi, tena machanga kuliko yaliyokomaa, lakini pia yana kimeng'enya kingi sana, kwa hiyo yakitwangwa laini kinuni linamarini huvunjika upesi. Yatwange mabichi, vizuri, yaache kidogo wazi, yaoshe, kisha yachemshe muda mrefu bila kufunika mwanzoni. Kosa ni kuyachemsha kwanza na kuyasaga baadaye, maana hapo umemuua mfanyakazi kabla ya kazi. Sombe iliyotwangwa kwa desturi, na samaki wadogo ndani yake, inakuletea protini ile ile mwili wako unayoihitaji dhidi ya sianidi.

Nauza mihogo ya kukaanga Mombasa. Nikinunua gunia Jumatatu, kufikia Jumatano nyama huwa na michirizi ya buluu na nyeusi. Je, hiyo ndiyo sumu inajionyesha?

Sivyo, kaka. Sianidi haina rangi. Hiyo michirizi ni jeraha. Mzizi uking'olewa na kukatwa hutoa kemikali za kujitibu, mojawapo ikiwa skopoletini, ambayo ikikutana na hewa hubadilika rangi na kuacha ile michirizi unayoiona kando ya mishipa. Huanza baada ya siku moja hadi tatu, na mbegu hutofautiana: zenye nyama ya njano huchelewa zaidi kuharibika. Nunua mizizi yenye kipande cha shina kilichoachwa na isiyochubuka, na ikiwa lazima ikae, imenye uiweke katika maji safi au jokofuni. Iliyobuluika kidogo haina sumu mpya, lakini ladha yake imeharibika, na mteja wa Mombasa hatakusamehe. Jambo la kuzingatia kwako zaidi ni mbegu. Kukaanga huondoa sianidi kidogo sana, kwa hiyo wewe kuliko mpishi wa ugali unahitaji uhakika kwamba gunia ni la muhogo mtamu. Onja kipande kibichi kutoka mizizi kadhaa, kwenye kichwa cha mzizi, kisha uteme.

Niko Leicester. Muhogo tunaoununua umeganda, umemenywa na kukatwa, na pakiti inasema uchemshwe kabla ya kuliwa. Nikiweka tui la nazi moja kwa moja kuna ubaya?

Chemsha kwanza kwa maji mengi, yamwage, ndipo uweke tui. Muhogo unaouzwa hivyo huwa ni mtamu, na maji ya kwanza huchukua sehemu nzuri ya linamarini iliyopo, hasa vipande vikiwa vidogo. Ukitia tui tangu mwanzo, unakula na mchuzi wake.

Sina shamba, nanunua unga wa muhogo sokoni na sijui umetoka mbegu gani wala umelowekwa siku ngapi. Nifanye nini? Nasikia Uganda watu waliwahi kufa.
*Baba wa watoto wanne, Bukoba*

Ulivyosikia ni kweli. Septemba 2017, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, watu waliohudhuria mazishi walikula ugali wa muhogo wakaugua. Kwa jumla walihesabiwa wagonjwa 98, na wawili walifariki. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kilo, ilhali Codex inaruhusu 10. Unga, tofauti na mzizi, hauna jina la mbegu, hauna kichwa wala mkia, na ukichanganywa na mtama ulimi nao hupoteza ushahidi.

Ipo njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, ambayo haihitaji chombo chochote usichonacho. Weka unga mkavu katika bakuli, usawazishe, kisha weka alama ndani ya bakuli mahali ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Utaona unga unashuka chini ya alama, kwa kuwa hewa inatoka; endelea kuongeza maji mpaka upande tena na kuifikia alama ileile. Hapo acha. Utandaze juu ya mkeka au ungo safi, unene usizidi sentimita moja, uuache juani saa mbili au kivulini saa tano. Kimeng'enya kilichokuwa kimelala katika unga mkavu huamka kikipata maji, humalizia linamarini iliyobaki, na sumu huruka. Sianidi hupungua kwa mara tatu hadi sita. Njia hii ilifundishwa kwa wanawake wa kijiji cha Kay Kalenda, huko Kwango, kuanzia mwaka 2010, na konzo mpya zikakoma kijijini hapo.

Unga huo ulioloa upike siku hiyohiyo, hautunziki. Ukitaka kuanza leo jioni, saa tano za kivulini zitakupeleka usiku, kwa hiyo chakula cha leo kiwe kingine. Mtu yeyote nyumbani akila ugali wa muhogo kisha ndani ya saa chache akapata kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, kulegea au kupumua kwa kasi, mpelekeni hospitali bila kusubiri apate nafuu, na mchukue kiasi cha unga huo katika mfuko mwende nao.